Kitana cha Moto na Chaja ya Mgeni

Mgeni alifika asubuhi, wakati Awuor alipokuwa akipepea makaa.

Awuor alikuwa na saluni ndogo katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mtaani Migosi, Kisumu. Hakuwa na vitu vingi. Alikuwa na viti viwili, kioo kirefu, jiko la makaa na vitana vya chuma. Aliviweka vitana juu ya makaa mpaka vipate moto. Kisha alivipitisha kwenye nywele zilizopakwa mafuta, na nywele zikanyooka. Wanawake wa Migosi walimwamini kwa sababu hakuwahi kuunguza sikio la mtu.

"Hodi hapa," mgeni alisema mlangoni.

Alikuwa mwanamke kijana mwenye viatu vilivyojaa tope. Begani alikuwa na mfuko mweusi, na aliushika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.

"Karibu, dada. Unanyoosha ama unasuka?" Awuor aliuliza.

"Nywele zangu zitangoja. Naomba stima."

Dorca, jirani aliyekuwa amekaa kitini akisubiri kunyooshwa nywele, alicheka. "Wageni huomba maji. Huyu anaomba stima."

"Na maji pia nitakunywa, mama," mgeni alisema, na wote wakacheka.

Jina lake lilikuwa Agneta. Alitoka upande wa Bungoma. Alifanya kazi na watu waliochunguza magugu-maji ziwani. Mwaka huo magugu yalikuwa yamefunika ghuba yote. Ukisimama ufuoni Dunga ulidhani ziwa limegeuka shamba la sukuma wiki. Mitumbwi ilikwama, na samaki waliadimika sokoni.

Agneta alifungua mfuko. Alitoa kompyuta inayokunjwa kama kitabu. Watu wa ofisini waliiita laptopu. Awuor alikuwa hajawahi kuona moja kwa karibu.

"Tumepita kila ufuo," Agneta alieleza. "Tumeandika magugu yamefika wapi. Ramani yote iko humu ndani. Alhamisi watu wa fuo wanakutana Dunga, waione, halafu waamue mashine ya kukata magugu ianze wapi."

"Na bila ramani?" Dorca aliuliza.

"Bila ramani kila mtu atavutia kwake. Mwenye sauti kubwa ndiye atashinda."

"Basi mume wangu angeshinda," Dorca alisema.

Tatizo la Agneta lilikuwa hili. Stima ilikuwa imepotea katika nyumba ya wageni alikolala, na betri ya laptopu ilikuwa imeisha kabisa. Yeye alikuwa njiani kwenda Asembo, na angerudi kesho yake jioni. Aliomba aiache mashine hapo ijae.

Alipokuwa akiongea, aliona mlango uliofungwa upande wa nyuma.

"Na chumba kile, kina mtu?"

"Mpangaji alihama," Awuor alijibu.

"Tuko wanawake watatu. Tunatafuta chumba mpaka kazi iishe Disemba. Lazima kiwe na stima. Nitawauliza wenzangu, nikirudi nikupe jibu."

Awuor alishika kitana vizuri kisije kikamponyoka. Mume wake, Walter, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Kazi pale mtaani Obunga ilikuwa inakuja na kupotea. Kiwanda cha sukari kule Muhoroni kilikuwa kimemwita. Akienda huko, angekuja nyumbani mwisho wa mwezi tu. Lakini chumba kile kikipata wapangaji, Walter angeweza kubaki. Watoto wao mapacha, Opiyo na mwenzake, wangemwona baba yao kila jioni. Tangu mpangaji ahame, Awuor aliliombea jambo hilo kila Jumapili.

"Niachie mashine," alimwambia Agneta. "Utaikuta salama."

Agneta alichomeka chaja kwenye soketi iliyokuwa karibu na kioo. Chaja yenyewe ilikuwa kama kipande cha tofali jeusi. Upande mmoja ulitoka waya mnene wa kwenda ukutani. Upande wa pili ulitoka waya mwembamba wa kuingia kwenye laptopu. Taa ndogo ya kijani iliwaka kwenye tofali hilo. Agneta alishukuru, akanywa maji, akaenda zake.

*

Saluni ile ilikuwa na soketi moja tu. Waya mwembamba ulipita juu ya meza ndogo ambayo Awuor aliwekea mafuta, kitambaa na vitana.

Dorca alianza kusimulia habari za harusi ya Jumamosi, ya jirani yao Seline. Bwana harusi alikuwa amechelewa kwa sababu suti aliyoazima ilikuwa bado mwilini mwa mwenyewe, kwenye harusi nyingine. Awuor alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alitua kitana mezani ili afute macho.

Mara harufu kali ikajaa chumbani.

"Yawa, Mama Opiyo, unaniunguza," Dorca alisema akishika kichwa.

"Si nywele zako," Awuor alijibu.

Kitana cha moto kilikuwa kimelala juu ya waya. Ngozi nyeusi ya waya ilikuwa imeyeyuka na kushikamana na chuma. Ndani yake shaba ilionekana. Taa ya kijani ilikuwa imezimika.

Awuor alinyoosha mkono kuushika waya, kisha akajizuia. Alizima swichi ya ukutani kwanza, akachomoa, ndipo akatoa kitana. Hapo alifanya sawasawa. Lakini madhara yalikuwa yameshatokea. Alifungua laptopu na kubonyeza mahali alipomwona Agneta akibonyeza. Kioo chake kilibaki cheusi.

"Labda imelala," Dorca alisema.

"Mashine hailali, Dorca."

"Basi imekufa."

"Nyamaza kidogo, tafadhali."

Walter alikuja kula chakula cha mchana. Aliwakuta wanawake wawili wakiitazama laptopu. Dorca alikuwa na nywele zilizonyooka upande mmoja, na upande wa pili zilisimama zote.

"Nani amekukimbia katikati?" Walter alimuuliza.

"Muulize mke wako. Amechoma mashine ya serikali."

"Si ya serikali," Awuor alisema kwa unyonge, akaeleza yote.

Walter aliinama akatazama. Yeye alizoea vyuma na moto, na hakuogopa kitu chochote chenye waya. Alienda kabatini akaleta adapta ya redio yao. Alilinganisha kichwa cha waya wa adapta na kichwa cha waya wa chaja.

"Tazama," alisema. "Vinafanana. Stima ni stima."

Alichomeka adapta ya redio kwenye laptopu. Kichwa kiliingia vizuri kabisa. Walter alibonyeza. Hakuna kilichowaka. Alibonyeza tena, akangoja. Harufu nyepesi ya kitu kilichopata joto ilitoka kwenye adapta.

"Toa," Awuor alisema. "Toa, Baba Opiyo."

Alitoa. Dorca naye alikuwa na wazo lake.

"Sisi nyumbani mawe ya redio yakizima, tunayaanika kwenye mabati. Jua likiyapiga, redio inaimba tena mpaka habari za saa moja. Hii mashine haina mawe?"

Badala ya mawe, laptopu ilikuwa na betri moja pana iliyofungwa chini yake. Walter aliifungua, akapanda juu ya stuli na kuiweka kwenye mabati ya jikoni. Jua la Kisumu lilikuwa kali siku hiyo. Alasiri alipoishusha, alikuwa akiihamisha mkono huu na huu kama mtu anayekula kiazi cha moto. Waliirudisha ndani ya laptopu. Walibonyeza. Hakuna.

Jioni, watoto walipokuwa wakila, Walter aliongea kwa sauti ya chini.

"Kunja waya vizuri. Mahali palipoungua pawe kwa ndani. Akija mwambie mashine imekataa tu. Vitu vya stima hukataa vyenyewe."

"Na ramani yake?"

"Ramani si yetu. Chumba ni chetu. Akijua tumeichoma, unafikiri atalala hapa?"

Awuor alisimama. Alikusanya sahani. Baadaye, akiwa anafuta meza, alisema, "Kesho asubuhi naipeleka kwa fundi, kule Mamboleo."

*

Fundi huyo aliitwa Nasipwondi. Alikuwa na kibanda karibu na njia panda ya Mamboleo, kati ya muuza ndizi na mshona viatu. Alikuwa amesoma ufundi wa stima katika chuo, na mlango wake haukukosa redio za kungoja. Watu wengine walifika, wakaona mwanamke, wakamuuliza fundi yuko wapi, naye aliwajibu, "Ametoka, lakini mkono wake ameuacha hapa."

Awuor alikuwa ameubeba mfuko mapajani njia nzima. Aliuweka mezani.

"Imekataa kuwaka," alisema.

"Ilianzaje?" Nasipwondi aliuliza.

"Ilikataa tu."

Nasipwondi alimtazama kidogo, lakini hakumgombeza.

"Sawa. Basi tuanze mbali tukija karibu. Soketi ya kwenu ina stima?"

"Ndiyo. Redio inaimba hapo."

"Vizuri. Kuna watu huniletea mashine nzima, kumbe soketi ndiyo imekufa. Kwanza unachomeka kitu kingine, taa au redio, uone. Sasa waya mnene. Umelegea mahali?"

Aliupapasa waya mnene kutoka mwanzo hadi mwisho, na kichwa chake pia. Ulikuwa mzima. Kisha alichukua waya mwembamba. Vidole vyake vilifika mahali palipoungua, vikasimama.

"Hapa pamepita kitu cha moto," alisema.

Awuor alitazama chini. "Kitana," alisema. "Mimi nina saluni. Nilikiweka hapo bila kuangalia."

"Asante kwa kusema. Njoo uone." Nasipwondi alisogeza waya kwenye mwanga. "Ndani ya waya huu kuna njia mbili. Moja ni ya stima kwenda, nyingine ni ya kurudi. Katikati yake kuna ngozi ya kuzitenga. Kitana kiliyeyusha ngozi, njia mbili zikagusana. Chaja ikiona hivyo inajizima yenyewe. Ndiyo maana taa ya kijani ilipotea."

"Kwa hiyo ni chaja tu? Mashine haijaungua?"

"Ngoja kwanza. Mlijaribu kitu kingine?"

Awuor alipapasa mfuko. Mshona viatu nje alikuwa akigonga kisigino. Mwishowe Awuor alisema, "Mume wangu alichomeka adapta ya redio. Kichwa kiliingia."

"Ulikuja nayo?"

Awuor alikuwa nayo. Aliitoa mfukoni kwa aibu. Nasipwondi aliweka chaja na adapta pamoja, akazigeuza zote mbili. Kila moja ilikuwa na karatasi ndogo yenye maandishi.

"Unasoma, mama?"

"Nasoma, pole pole."

"Pole pole inatosha. Nisomee hapa kwenye chaja, mbele ya herufi V."

"Kumi na tano."

"Hizo ni volti. Ni nguvu ya kusukuma stima. Sasa kwenye adapta ya redio?"

"Tisa."

"Unaona. Ni kama pampu mbili za maji. Bomba linaweza kulingana, lakini pampu moja haina nguvu ya kupandisha maji mpaka kwenye tangi. Na ingekuwa na nguvu kupita kiasi, ingepasua tangi. Volti lazima zilingane sawasawa. Hapa penye herufi A, chaja inasema tatu. Adapta haifiki hata moja. Hiyo ni kiasi cha stima ambacho inaweza kutoa. Namba ya A ya chaja mpya iwe sawa na ya zamani au izidi, isipungue."

Alisogeza kidole kwenye mchoro mdogo wa duara wenye alama ya kujumlisha na ya kutoa.

"Na huu mchoro ndio watu wengi hawautazami. Unaonyesha chanya iko wapi. Kwenye chaja, chanya iko ndani ya tundu la kichwa. Kwenye adapta yenu, chanya iko nje. Mume wako aliingiza stima kwa njia ya kutokea."

"Alisema stima ni stima."

Nasipwondi alicheka kidogo. "Wanaume wengi wamesema hivyo hapa mezani. Usimcheke sana. Alitaka kusaidia."

Halafu aligeuza laptopu ili atoe betri. Ilitoka kwa shida. Aliishika kwenye mwanga na kuitazama kwa upande. Tumbo lake lilikuwa limeinuka kidogo, kama mkate uliopata hamira.

"Na hii?"

Awuor alisogea kuitazama. "Tuliianika. Kwenye mabati. Jirani alisema mawe ya redio huanikwa."

Nasipwondi hakucheka safari hii. Aliichukua betri kwa uangalifu, akaiweka ndani ya debe lenye mchanga lililokuwa kwenye kona, mbali na vitu vyote.

"Mama, hata mawe ya redio si vizuri kuyaanika. Yanaamka kidogo, halafu yanavuja maji yanayokula redio. Lakini betri hii ni mbaya zaidi. Ndani yake kuna dawa. Ikipata joto kali inavimba. Betri iliyovimba haichajiwi tena, haitobolewi, hairudishwi kwenye mashine. Inaweza kushika moto, hata usiku watu wakiwa wamelala."

Awuor alifikiria kitanda cha watoto wake. Ukuta tu ndio uliotenganisha kitanda hicho na meza ambapo mashine ililala.

Nasipwondi alianza kazi. Alikata kipande kilichoungua na kukitupa. Aliwasha chuma cha kuchomea, akayeyusha risasi kidogo ya kuungia waya. Waya wa ndani aliuunga na wa ndani. Waya wa nje aliuunga na wa nje. Kila kiungo alikifunga kwa utepe wake, ili viwili visigusane, kisha akafunga vyote pamoja.

"Sasa tuichomeke kwenye mashine?" Awuor aliuliza.

"Bado. Chaja iliyotengenezwa inapimwa ikiwa peke yake kwanza." Alichomeka chaja ukutani. Taa ya kijani ikawaka. Aligusisha ncha mbili za mita ya kupimia stima kwenye kichwa cha waya. "Soma."

"Kumi na tano, na kidogo."

"Sawa na maandishi yake. Na chanya iko ndani. Sasa tunaweza."

Kabla ya kuchomeka, alibonyeza kitufe cha kuwashia laptopu ikiwa haina betri wala chaja, akakishikilia kwa muda huku akipiga mluzi wa pole pole.

"Unafanya nini? Haina kitu ndani," Awuor alisema.

"Kuna stima kidogo hubaki ndani, ikachanganya mashine. Ukishikilia hivi inaisha. Mara nyingi hiyo peke yake huponya."

Alimaliza mluzi. Alichomeka chaja. Alibonyeza.

Kwanza kulikuwa na sauti ndogo kama ya nyuki. Kisha taa, kisha kioo kikapata rangi ya samawati. Muuza ndizi alichungulia dirishani aone kinachotazamwa. Awuor aliinama karibu na kioo aone vizuri.

"Una bahati," Nasipwondi alisema. "Mashine ilijilinda. Lakini sikiliza. Itafanya kazi ikiwa kwenye waya tu. Betri atafute mpya. Na hiki kiungo changu ni cha kumvusha wiki hii. Atafute chaja nyingine yenye maandishi yale yale matatu: volti, A, na mchoro wa chanya."

"Nitamwambia."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba anunue betri mpya."

"Na kwa nini?"

Awuor alianza kuhesabu pesa za malipo mezani.

"Kuhusu malipo tumeelewana," Nasipwondi alisema. "Hili ni lingine. Nataka uniahidi utamwambia mwenye mashine kila kitu. Kitana, adapta ya redio, na kuanika betri. Usiache hata kimoja. Nikitengeneza na wewe ukanyamaza, kesho mashine ikisumbua, fundi mwingine ataanza kutafuta gizani. Na yeye mwenyewe anaweza kurudisha betri ile ndani akalala karibu nayo. Unaniahidi?"

Awuor alifikiria mlango wa chumba cha nyuma. Alifikiria mfuko wa Walter wa safari ya Muhoroni, uliokuwa umeanza kujazwa nguo.

"Nakuahidi," alisema.

*

Walter aliposikia kwamba mashine imewaka, alifurahi kama kijana. Mchana ule ule alikata bapa la chuma, akachomelea rafu ndogo na kuifunga ukutani juu ya soketi, mbali na jiko. Alipinda ndoano ya kutundikia waya. Tangu siku hiyo hakuna waya uliopita tena juu ya meza ya vitana. Awuor naye alipata kigae kipana, akakifanya mahali pekee pa kuwekea kitana cha moto. Dorca alirudi kumaliziwa upande wa pili wa kichwa. Aliikagua rafu na kusema kwamba sasa saluni inafanana na benki.

"Nimewaza," Walter alimwambia mke wake walipobaki wawili. "Mashine inawaka. Betri mwambie imechoka. Si uongo. Imechoka kweli."

"Nilimwahidi fundi."

"Fundi yuko Mamboleo. Hatakuja kusikiliza."

"Najua hatakuja."

Jioni Agneta alifika, uso umejaa vumbi la Asembo. Aliiona laptopu kwenye rafu, ikiwa imewaka. Alibonyeza mara kadhaa, na ramani ikatokea. Ziwa lilikuwa na rangi ya samawati na magugu yalikuwa ya kijani. Aliwaonyesha Dunga, Usoma na Asembo. Walter alisogea karibu, akasahau wasiwasi wake.

"Kumbe magugu yameifunga Dunga pande zote," alisema.

"Ndiyo. Alhamisi wataona kwa macho yao." Agneta alimgeukia Awuor. Alikuwa anatabasamu. "Na nina habari njema. Niliwapata wenzangu. Wamekubali chumba. Kama ufunguo uko karibu, leo nalala hapa."

Walter aliuleta ufunguo yeye mwenyewe. Agneta aliupokea.

"Dada," Awuor alisema. "Kaa kwanza kitini. Kuna mambo hujayajua."

Walter alitoka nje. Awuor alisikia hatua zake zikisimama karibu na dirisha.

Awuor alisema yote, moja baada ya jingine. Alimwonyesha kiungo kwenye waya. Alimweleza jinsi alivyocheka hadithi ya harusi na kutua kitana bila kuangalia. Alimwambia juu ya adapta ya redio, volti tisa, chanya nje. Mwisho alimwambia kwamba betri ilianikwa juu ya mabati, ikavimba, na sasa iko kwenye debe la mchanga la fundi.

Agneta alisikiliza mpaka mwisho. Aliigeuza laptopu, akaona nafasi tupu ya betri.

"Nimekuwa nikiichaji kando ya mto wangu wa kulalia," alisema taratibu. "Kila usiku. Kama ungeirudisha humu, leo pia ningefanya hivyo."

"Fundi alisema hivyo hivyo. Kwamba ni hatari."

"Asante kwa kuniambia." Agneta aliifunga laptopu. Ufunguo ulikuwa bado mkononi mwake. "Ningependa niseme yamekwisha. Mimi mwenyewe nakuamini kuliko jana. Lakini mashine si zangu, ni za kazi, na sote watatu tunazo, kwa hiyo ni lazima niwaeleze wenzangu. Najua watakachosema. Watasema hawataki nyumba yenye makaa."

"Naelewa."

"Kuna vyumba karibu na ofisi ya maji. Ni ghali, lakini watataka huko."

"Naelewa, dada. Kunywa chai kabla hujaenda."

Agneta alikunywa chai. Alipoondoka, aliweka ufunguo kwenye meza, pembeni ya kigae.

*

Mkutano wa Alhamisi ulifanyika katika ukumbi wa kanisa pale Dunga, si ufuoni, kwa sababu laptopu sasa ilihitaji kuwa karibu na soketi. Watu walipanga foleni kutazama ramani. Wavuvi walibishana, lakini walibishana wakiwa wamegusa kioo kwa vidole, huku kila mmoja akionyesha mahali ambapo mtumbwi wake ulikwama. Kabla ya jua kuzama walikuwa wamekubaliana mashine ya kukata magugu ianzie Dunga. Agneta alimtuma mtu Migosi kumweleza Awuor, na kumwambia kwamba chaja mpya imepatikana Nairobi, yenye maandishi yale yale matatu.

Wenzake walichukua vyumba karibu na ofisi ya maji.

Jumapili baada ya ibada, Awuor alikunja mashati ya Walter na kuyapanga mfukoni. Muhoroni kulikuwa kunamngoja. Mapacha walikuwa wamekaa juu ya kitanda, wakihesabu ni Jumapili ngapi mpaka mwisho wa mwezi.

Walter alisimama mlangoni.

"Sikukasirika," alisema. "Nilisikia yote pale dirishani. Lakini ile ya adapta ungeiacha. Hiyo ilikuwa yangu, si yako."

"Nilimwahidi fundi kila kitu."

"Hata 'stima ni stima'?"

"Hata hiyo."

Walter alicheka, akaja akakaa karibu naye, akaanza kukunja soksi. Awuor alimpa shati la mwisho alishike upande mmoja, nao wakalikunja pamoja.